Aliyechelewa kutoka ofisini si lazima awe mraibu wa kazi

Dhana: anayetoka wa mwisho ndiye mraibu.
Pengine anasubiri foleni ya magari ipungue, au ana mkopo unaomkaba, au bosi bado yupo na yeye anaona haya kutangulia. Dodoso la DUWAS, la kupima uraibu wa kazi, lina kauli 10, kila moja ukijipa alama 1 hadi 4, na huangalia mambo mawili kwa pamoja: kuzidisha kazi, na kusukumwa na nafsi hata pale ambapo hakuna aliyekutuma. Saa pekee hazisemi kitu kuhusu hilo la pili.

Dhana: kuipenda kazi ni uraibu.
Hapana. Anayeipenda hufunga kompyuta akaenda kucheza na wanawe. Mraibu huketi na wanawe, kichwa kiko kazini.

Dhana: ni ugonjwa wa Wajapani.
Japani ina neno karoshi, kifo cha kuchapa kazi kupindukia, na wengi wakishalisikia huishia hapo. Lakini huko Norway, utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta asilimia 8.3 ya wafanyakazi wamevuka mstari wa kipimo cha Bergen, dodoso jingine la uraibu wa kazi, yaani wamejibu "mara nyingi" au "daima" kwa kauli 4 au zaidi kati ya 7.

Dhana: tafsiri maswali, kisha linganisha wastani wa nchi na nchi.
Hapa ndipo watu huteleza. Mwaka 2009, watafiti Schaufeli, Shimazu na Taris waliipima DUWAS yenyewe Uholanzi na Japani: je, kauli zake hujigawa katika makundi yaleyale mawili kote? Zilijigawa. Ila hilo halitoshi kutangaza nani kamzidi nani, maana kuna mazoea ya kujibu pia. Wajapani, kwa mfano, huelemea majibu ya katikati.

Halafu kuna maneno. Kauli moja ya DUWAS kwa Kiingereza inamtaja mtu mwenye vyuma vingi motoni, yaani mwenye shughuli nyingi kwa wakati mmoja. Iandike hivyo kwa Kiswahili, na msomaji atadhani unamtafuta mhunzi. Nyingine inauliza kama unajisikia hatia usipokwenda kazini. Mwajiriwa wa Tanzania mwenye siku zake 28 za likizo ya malipo atakuelewa. Kibarua wa ujenzi anayelipwa kwa siku, akilala nyumbani leo, jioni hakuna unga. Naye atajibu "karibu daima" na kupewa 4, alama ileile ya meneja anayeshindwa kutulia ufukweni.