Pale Sera Inapompa Mzazi Kazi: Matabaka na Shule za Uingereza

Kila mwaka, ifikapo tarehe 31 Oktoba, wazazi wa England wenye watoto wanaomaliza shule ya msingi huwa wameshajaza fomu ya kuomba sekondari. Mzazi huorodhesha shule tatu au zaidi kwa kadiri anavyozipenda; London nafasi ni sita. Majibu hutoka tarehe 1 Machi. Shule zote hizo ni za umma na hakuna hata moja inayotoza ada. Hivyo ukiuliza kwa nini mtoto wa dereva wa basi na mtoto wa wakili, wakazi wa mji mmoja, huishia kwenye shule zisizofanana hata kidogo, usilitafute jibu kwenye ada. Liko kwenye fomu hiyo, na kwenye yote ambayo mzazi huwa ameyafanya miaka kadhaa kabla ya kuijaza.

Sisi tunaofundisha sosholojia ya elimu huulizwa sana jambo hili, hasa na watu wenye ndugu walioko huko, ambao wamezoea kusikia kwamba Uingereza elimu ni bure na ni sawa kwa wote. Bure, ndiyo. Kuhusu usawa, ninavyoona mimi, sera hupanua pengo la matabaka pale inapomwachia mzazi kazi ya kuhangaika ili mtoto wake anufaike nayo, na hulipunguza pale inapomfikia mtoto moja kwa moja. Chama gani kiko madarakani si jambo kubwa kama watu wanavyodhani. (Mengi nitakayoyasema yanahusu England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hujiamulia mambo yao ya elimu.)

Sheria ya Elimu ya 1944 ilifanya sekondari kuwa bure kwa kila mtoto. Wakati huo huo, watoto walichujwa kwa mtihani wakiwa na umri wa miaka 11. Wachache waliofaulu walikwenda shule za grama, zilizoandaa watu wa vyuo vikuu na ofisi. Wengi walipelekwa shule za sekondari za kawaida, ambako kwa miaka mingi walio wengi waliondoka bila cheti chochote cha maana. Aliyewahi kusubiri matokeo ya darasa la saba anaijua hofu ile. Waliofaulu walikuwa zaidi watoto wa tabaka la kati, na walioanguka walikuwa zaidi watoto wa wafanyakazi wa viwandani, migodini na bandarini.

Mwaka 1965 serikali ya chama cha Labour ilizitaka halmashauri ziachane na mchujo huo na kufungua shule zinazopokea watoto wote. Nyingi ziliitikia, na kazi iliendelea hata Margaret Thatcher wa chama pinzani cha Conservative alipokuwa waziri wa elimu miaka ya 1970. Lakini haikukamilika. England bado ina shule 163 za grama, na kaunti kama Kent na Buckinghamshire zinaendelea kuchuja watoto kwa utaratibu ule ule. Tofauti ni kwamba sasa mtihani umezaa biashara ya tuisheni. Mwenye uwezo humlipia mwanawe mwalimu wa pembeni mwaka mzima au zaidi. Asiye nao humwombea dua. Waziri Mkuu Theresa May alipotaka kuongeza shule hizi mwaka 2016, akisema zingewainua watoto wa kawaida, wanafunzi wa shule za grama waliokuwa na haki ya mlo wa bure wa shuleni, ambao hulenga watoto wa familia maskini, hawakufika asilimia 3. Baada ya uchaguzi wa 2017 mpango ukawekwa kando.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, sheria iliyoacha alama kubwa zaidi ni ile ya 1988. Ilileta mtaala wa taifa na mitihani yake, na ikaamua kwamba fedha zimfuate mwanafunzi: shule ikijaza madarasa inapata fedha, ikikimbiwa inakonda. Mzazi alipewa haki ya kuchagua. Tangu 1992 matokeo ya shule yakawa yanatangazwa hadharani, magazeti yakazipanga kama timu kwenye msimamo wa ligi. Wazo lilikuwa kwamba shule dhaifu zingeona aibu na kujirekebisha.

Sasa tazama uchaguzi huo unavyokwenda mtaani. Shule nzuri hupata maombi mengi kuliko viti, kwa hiyo lazima iwe na kigezo cha kuchagua, na kigezo cha kawaida ni umbali. Mara nyingi halmashauri hupima kwa mstari mnyoofu, kutoka nyumbani kwa mtoto hadi shuleni. Mtoto wa mwisho kupata kiti anaweza kuwa anaishi mita chache tu karibu kuliko jirani aliyekosa. Wazazi wenye fedha wanalijua hilo tangu mtoto akiwa chekechea. Wananunua nyumba ndani ya duara hilo, na bei za nyumba humo hupanda kwa sababu hiyo hiyo. Ada ambayo shule haitozi inalipwa kwa muuza nyumba.

Anayepanga chumba hawezi kucheza mchezo huo, maana mwenye nyumba akipandisha kodi anahama, na akihama ule mstari nao unahama. Shule za kanisa zinaweza kutaka uthibitisho wa mahudhurio ya ibada, na wapo wazazi ambao imani yao hupamba moto mtoto anapokaribia umri wa kuanza shule (nasema hili bila kumsema mtu). Kisha kuna nauli. Kwa mtoto wa miaka 8 na zaidi, usafiri wa bure hutolewa iwapo shule ya karibu inayomfaa iko zaidi ya maili 3. Mzazi akichagua iliyo mbali zaidi ya hiyo, nauli kwa kawaida ni yake. Familia maskini zina nafuu kidogo, nayo ina masharti yake.

Watafiti waliozungumza na wazazi wa London miaka ya 1990 waliona jambo ambalo takwimu pekee zisingelionyesha. Wazazi wa tabaka la kati walitembelea shule kadhaa, walisoma ripoti, na walijua nani wa kumuuliza nini. Wazazi wengi wa tabaka la wafanyakazi walichagua shule ya mtaani, wanakosoma watoto wa majirani na ambako mtoto anafika kwa miguu. Wanasiasa huwaita wazazi hawa wasiojali. Si kweli. Kwa mama anayeingia kazini saa kumi na moja alfajiri, shule iliyo karibu ndiyo chaguo lenye akili.

Ushindani wa matokeo uliingia hadi darasani. Kipimo kikuu kilikuwa idadi ya wanafunzi waliopata alama nzuri katika masomo matano, kuanzia C kwenda juu. Mwalimu mkuu mwenye busara ya kujilinda alijua pa kuelekeza nguvu: kwa wale waliokaribia C. Wa juu watafaulu tu, na wa chini kabisa hawatabadilisha hesabu. Wengi wa hao wa chini walikuwa watoto wa maskini. Mwaka 2016 kipimo kilibadilishwa, kikaanza kutazama maendeleo ya kila mwanafunzi tangu alipotoka msingi. Ni nafuu ya kweli, ingawa nacho hakihesabu umaskini wa mtaa ambao shule inahudumia.

Upande wa pili ziko sera zilizomfikia mtoto bila kumzungusha mzazi. Serikali ya Tony Blair ilianzisha vituo vya Sure Start mwishoni mwa miaka ya 1990, kwanza katika mitaa maskini: malezi, afya na ushauri wa ajira chini ya paa moja, kwa familia zenye watoto chini ya miaka mitano. Mwaka 2024 Taasisi ya Masomo ya Fedha ya London ilionyesha kwamba watoto maskini waliokulia karibu na vituo hivyo walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa GCSE wakiwa na miaka 16. Wakati huo bajeti yake ilikuwa imeshakatwa vibaya kwa zaidi ya miaka kumi na vituo vingi vimefungwa. Kulikuwa pia na posho ya hadi pauni 30 kwa wiki kwa vijana wa familia maskini waliobaki shuleni baada ya miaka 16. Fedha iliingia kwenye akaunti ya kijana mwenyewe. Serikali ya David Cameron iliifuta England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wakaibakiza.

Hoja yangu haielezi kila kitu. Agosti 2020, mitihani ikiwa imefutwa kwa sababu ya korona, alama za A-level (mtihani wa mwisho wa sekondari, unaofungua njia ya chuo kikuu) England zilikokotolewa kwa kanuni iliyotazama matokeo ya shule ya miaka iliyopita. Karibu asilimia 40 ya alama zilizopendekezwa na walimu zilishushwa. Madarasa yenye wanafunzi wachache sana hayakuguswa, yakabaki na alama za mwalimu, na madarasa ya namna hiyo ni ya kawaida zaidi kwenye shule binafsi. Hapo hakuna mzazi aliyefanya lolote. Baada ya siku nne za maandamano serikali ilirudi nyuma.

Nirudi kwenye mlo wa bure, maana hapo utaratibu mdogo wa ofisi una madhara makubwa. Tangu 2018, kwa familia ya England inayoomba upya huku ikipokea Universal Credit, yaani posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mpaka umekuwa kipato cha kazi cha pauni 7,400 kwa mwaka baada ya makato, bila kuhesabu posho yenyewe. Mfanyausafi aliyeongezewa zamu mbili kabla ya kuomba anaweza kuwa ameshavuka mpaka huo na kulazimika kulipia mlo wa watoto wake waliopita madarasa matatu ya mwanzo. Wakati huo huo, jina la mtoto kwenye orodha ya mlo ndilo linaloiletea shule ruzuku ya ziada iliyoanza 2011. Kwa mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa pauni 1,480 kwa mwanafunzi wa msingi. Mzazi asipojaza fomu, kwa aibu, kwa lugha kumpiga chenga au kwa kutojua, mtoto anakosa mlo na shule inakosa fedha. Mwaka 2014 watoto wote wa madarasa matatu ya mwanzo walipopewa mlo bila masharti, walimu wakuu walijikuta wakiwabembeleza wazazi wajaze fomu ya kitu ambacho watoto tayari wanakipata, ili ruzuku isipotee. Baadhi ya halmashauri zimeanza kuwaandikisha watoto zenyewe kwa kutumia kumbukumbu za posho zilizo mikononi mwao.

Juni 2025 serikali ya Labour ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 watoto wa familia zote zinazopokea Universal Credit watapata mlo wa bure, bila kujali mpaka wa pauni 7,400. Ruzuku ya shule, hata hivyo, itaendelea kuhesabiwa kwa mpaka ule wa zamani. Kwa hiyo fomu haijaondoka, na mwalimu mkuu bado atakuwa na kazi ya kuwasaka wazazi wachache ambao majina ya watoto wao ndiyo yenye fedha.