Kusoma Takwimu za Kijiji Kidogo cha India

Sensa ya India ya mwaka 2011 ilikuta watu milioni 833 wakiishi vijijini, karibu saba katika kila kumi. Vijiji vilivyoorodheshwa vilizidi 640,000, na kila kimoja kina mstari wake kwenye majedwali: kaya, wanaume, wanawake, watoto, wanaojua kusoma, kazi zao. Hazina hiyo iko wazi kwa yeyote, na wengi huisoma vibaya.

Watoto wa miaka 0 hadi 6 huwekwa peke yao. Kujua kusoma na kuandika huhesabiwa kuanzia miaka 7, hivyo ukigawa wanaojua kusoma kwa wakazi wote, utakishusha kijiji bila haki. Umri huo wa miaka 0 hadi 6 ndio unaofichua upendeleo wa watoto wa kiume. Jimbo la Haryana lilihesabu wasichana 834 tu kwa kila wavulana 1,000, ingawa sheria ya mwaka 1994 inakataza kumwambia mzazi jinsia ya mimba. Hata hivyo, usikihukumu kijiji kimoja kwa uwiano huo. Penye wavulana 32 na wasichana 28, uwiano ni 875. Wangezaliwa wasichana wawili zaidi badala ya wavulana wawili, ungekuwa 1,000 kamili. Tazama tarafa au wilaya nzima.

Kwenye kazi, mkulima anayelima shamba lake au la kukodi hutengwa na kibarua anayelima la mwenzake. Mwaka 2001 wakulima walikuwa wengi zaidi kitaifa. Kufikia 2011 vibarua wa mashambani walikuwa milioni 144, wakulima milioni 119. Mimi huanza na safu hizi mbili, maana zinaonyesha nani anategemea ujira wa nani.

Panapohitaji uangalifu mkubwa ni safu ya matabaka yaliyoorodheshwa na serikali, yaani Wadalit, jamii zilizotengwa kwa karne nyingi kama najisi. Katika vijiji vingi nyumba zao bado ziko pembezoni, jambo ambalo jedwali haliwezi kuonyesha. Tena orodha hiyo ina sharti la dini: ni Wahindu, Masingasinga na Wabudha tu. Kijiji cha Waislamu au Wakristo kitaonyesha sifuri hata kama kina familia ambazo majirani hawaozani nazo kwa sababu ya ukoo.

Orodha ya makabila, ambayo nayo ina safu yake, haina sharti hilo. Ndiyo maana Wasiddi wa Jambur, karibu na msitu wa Gir huko Gujarat, wameorodheshwa kama kabila ilhali ni Waislamu. Hawa ni wazao wa Waafrika, wengi wakiwa na asili ya upande wetu huu wa bahari, na ukiangalia jedwali peke yake hutajua kamwe kwamba wapo: wamejumlishwa humo na makabila mengine yote.

Wanaobaki nje ya orodha zote mbili nao huonekana kundi moja, wakati ndani yake yumo mwenye mashamba, mfinyanzi, kinyozi na seremala, kila mmoja na jati yake, yaani tabaka la kuzaliwa. Hesabu kamili ya jati ilitolewa mara ya mwisho na sensa ya 1931. Sensa ijayo, ambayo kwa sehemu kubwa ya nchi siku yake ya hesabu ni tarehe 1 Machi 2027, imepangwa kumuuliza kila mtu jati yake.