Je, wajua kwa nini hofu humvamia mnywaji pombe inapomtoka mwilini?

Utamkuta asubuhi kibandani Kondele, mjini Kisumu, kikombe cha chai amekishika kwa mikono miwili kisimwagike. Jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio, na ukimuuliza anaogopa nini hana jibu. Wenzake humshauri atoe loki, yaani anywe pombe kidogo asubuhi ili uchovu wa ulevi wa jana umtoke. Akipiga chang'aa kidogo anatulia kweli, na hapo wote huamini kwamba ana ugonjwa wa wasiwasi na pombe ndiyo dawa yake.

Imani hiyo imepindua mambo. Mara nyingi hofu ya asubuhi imeletwa na pombe hiyo hiyo, na kikombe cha kutoa loki huiahirisha tu hadi kesho.

Ubongo una kemikali ya kuutuliza, GABA, na ya kuuchangamsha, glutameti. Pombe huipa nguvu ya kwanza na kuizuia ya pili. Chukua boda inayopanda kilima cha Riat breki zikiwa zimeng'ang'ania: dereva atazidisha mafuta ili isonge. Ubongo wa anayekunywa kila siku hufanya vivyo hivyo kwa miezi na miaka. Huongeza uchangamfu, na utulivu wake wa asili hufifia. Pombe ikikatika ghafla, breki zimeachia na mafuta bado yamefunguliwa yote. Mtetemeko, jasho, kukosa usingizi na ile hofu isiyo na sababu ndiyo kasi yenyewe.

Dalili huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Kwa hiyo tafadhali, msimfungie ndugu yenu chumbani eti akaze moyo. Hospitalini hupewa dawa kama diazepamu inayopunguzwa polepole, pamoja na vitamini B1.

Hata hivyo wapo walioogopa watu na mikutano tangu shuleni, wakaanza kunywa ili wapumue. Baada ya miaka mingi, hata mwenyewe hukumbuka kwa shida kipi kilitangulia, na viwili hivyo huchocheana. Kwa hiyo daktari husubiri takriban mwezi mmoja bila pombe ndipo aamue. Hofu ya pombe kwa kawaida huwa imepungua sana kufikia hapo. Ikibaki palepale, inahitaji matibabu yake yenyewe, ushauri nasaha au dawa.