Bo-Kaap: historia iliyomo kwenye hati za nyumba

Wageni wengi wanaopanda Wale Street, katika mtaa wa Bo-Kaap mjini Cape Town, Afrika Kusini, hufuata rangi: nyumba ya waridi, inayofuata ya kijani, ya tatu ya njano. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kutafiti historia ya majengo, huanzia kwenye hati za umiliki. Rangi zile kali ni za juzi tu. Zilishamiri mwishoni mwa karne ya 20. Lakini swali la nani aruhusiwe kumiliki nyumba kwenye mteremko huu wa mlima Signal Hill lina zaidi ya miaka 250.

VOC, kampuni ya Kiholanzi ya biashara ya Mashariki, ilifungua kituo Cape mwaka 1652, ikakijenga kwa jasho la watumwa waliotoka Indonesia, India, Sri Lanka, Madagaska na Msumbiji. Katika miaka ya 1760 Jan de Waal alinunua ardhi pale mlimani, akajenga nyumba ndogondogo za kupangisha. Mtaa ukaitwa Waalendorp. Nyumba moja ya enzi hizo ingalipo, namba 71 Wale Street, na sasa ni makumbusho. Itazame vizuri: ukuta wa mbele umepandishwa juu ya paa kwa mistari ya mawimbi, na chini kuna baraza ambayo mtu wa Lamu angeketi bila kukaribishwa.

De Waal alipangisha. Aliyebadilisha mambo, kwa maoni yangu, ni Coridon van Ceylon, mtumwa aliyepata uhuru wake, ambaye mwaka 1794 alikuwa na kiwanja chake Dorp Street. Hapo ndipo ulipoanzishwa Msikiti wa Auwal, wa kwanza Afrika Kusini. Imamu wake wa kwanza, Tuan Guru, mwana wa ukoo wa kifalme wa Tidore, kisiwa cha Indonesia, alikuwa amefungwa na Waholanzi katika kisiwa cha Robben, na akiwa kifungoni aliandika msahafu mzima kwa kuhifadhi moyoni. Ruhusa ya Waislamu kuabudu hadharani ilitolewa 1804. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa msikiti ulikingwa na hati ya kiwanja tu, kabla ya sheria kuutambua. Baadaye kiwanja kilifika kwa Saartjie van de Kaap, binti wa Coridon, naye akausia kiendelee kuwa cha msikiti. Habari za Tuan Guru husimuliwa sana. Huyu mama anastahili kutajwa pamoja naye.

Utumwa ulifutwa 1834, lakini walioachwa huru walitumikishwa miaka minne zaidi. Wengi walihamia mtaani humu. Serikali ya ubaguzi wa rangi nayo ikautenga uwe wa "Wamalay", jina walilopewa Waislamu wa Cape, peke yao, na majirani wasio Waislamu wakafukuzwa. Mtaa mwingine, District Six, upande wa pili wa mji, ilibomolewa karibu yote.

Leo kinachosukuma watu nje ni bei. Nyumba zikipanda thamani, kodi ya majengo hupanda nazo, na mjane mstaafu hulipishwa kana kwamba yeye ndiye mwekezaji. Mwaka 2018, katika Ramadhani, wakazi walifuturu barabarani kupinga maghorofa mapya. Mwaka uliofuata maeneo 19 ya mtaa yalitangazwa urithi wa taifa. Nililifurahia tangazo hilo, ila linalinda kuta na makaburi. Halimpunguzii mjane yule hata senti moja ya kodi.