Platini Juu ya Masizi: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Platini ikizidi, haidrojeni nayo inazidi."
Maji yakichanganuliwa kwa umeme, haidrojeni hutokea kwenye uso wa platini, ambayo ni kichocheo: huharakisha mmenyuko bila yenyewe kutumika. Platini iliyo ndani ya bonge imekaa bure. Gramu 1 ukiitengeneza mchemraba, kila ubavu haufiki milimita 4, na uso wote haufiki sentimita 1 ya mraba. Igawe gramu hiyohiyo iwe chembe za nanomita 3, utapata takriban mita 90 za mraba, zaidi ya upande mmoja wa uwanja wa voliboli. Ila chembe hizo zikiachwa zenyewe hugandana. Ndipo kaboni inapohitajika: masizi laini yanayopitisha umeme na kuzishika zisisongamane. Unga uliozoeleka maabara una platini asilimia 20 tu kwa uzito, nao ni mweusi tii. Asiyeujua atadhani ameuziwa vumbi la mkaa.

"Ni unga tu, hauna neno."
Unalo. Tukiandaa wino wa elektrodi, yaani uji wa unga huu unaopakwa kwenye ncha inayopitisha umeme majini, tunapima miligramu 5 za unga ndani ya kichupa, maji yanatangulia, alkoholi inafuata. Mwenzangu mmoja alianza na alkoholi. Unga uliwaka mwekundu kama ncha ya sigara, ukafuka moshi. Platini ilikuwa inauunganisha mvuke wa alkoholi na oksijeni ya hewani. Kuchochea ndiyo kazi yake, haichagui.

"Kaboni inafaa upande wowote."
Kwenye kathodi, haidrojeni inakotoka, kaboni hukaa salama. Ihamishie anodi, inakotoka oksijeni, italiwa. Huko volti hupita 1.23, ilhali kwa hesabu kaboni inaweza kugeuka kaboni dioksidi tangu volti 0.21 hivi, kinachoiokoa ni kwamba mmenyuko huo huenda polepole mno. Ikishaliwa, chembe za metali hazina pa kushika. Kwa hiyo mitambo yenye utando wa asidi huweka oksidi ya iridi upande huo, na titani badala ya kaboni.

"Platini ni bingwa popote."
Kwenye asidi, sawa. Kwenye alkali kasi yake hushuka kama mara 100, na mitambo mingi ya alkali hujiendea na nikeli.

"Kichocheo changu hakina platini, na kimeifikia."
Dai hili nikilisikia huuliza kitu kimoja: elektrodi ya pili ilikuwa ya nini? Kama ni waya wa platini ndani ya asidi, waya huo huyeyuka kidogokidogo, ioni zake zikasafiri na kutua kwenye elektrodi inayopimwa. Mkondo unapanda saa hadi saa, na mwenye jaribio anaandika kwamba kichocheo chake "kinaimarika kadiri kinavyotumika". Toa waya, weka fimbo ya grafiti, pima upya kwa elektrodi mpya.