Je, wajua kwa nini droo hukwama, na reli ya inchi ngapi itaiponya?

Shika droo pana ya mbao kwenye ncha yake moja, uivute. Inatoka kidogo, inakaa mshazari, kisha inagoma. Ukiongeza nguvu, nayo inazidi kugoma. Wengi hudhani mbao imevimba au fundi amekata vibaya, na mara nyingine ni kweli. Lakini hata droo iliyokatwa bila kosa la milimita moja inaweza kukwama hivyo, na sababu yake unaweza kuipiga hesabu kwa penseli.

Ukivuta pembeni, droo inataka kuzunguka. Kona ya mbele ya upande mmoja inajibana kwenye ukuta wa kabati, na kona ya nyuma ya upande wa pili inajibana kwenye ukuta mwingine. Hapo msuguano unazaliwa, na unakua kila mkono wako unapoongeza nguvu. Kwa hiyo upo mpaka. Pima urefu wa droo uliobaki ndani ya kabati, kisha ugawanye kwa mara mbili ya kiwango cha msuguano, yaani nguvu ya kuburuza ukiigawanya kwa nguvu ya kubana. Ukishika mbali na katikati kuliko jibu hilo, droo haitoki hata avute mwanamieleka. Tuseme mbao kavu juu ya mbao ina msuguano wa 0.5. Droo yenye sentimita 40 ndani ya kabati ina mpaka wa sentimita 40 kutoka katikati. Ikishatoka nusu, zimebaki 20 ndani, na mpaka nao umeshuka hadi 20. Ndiyo maana inaanza vizuri halafu inakwama njiani. Ndiyo maana pia droo pana ya mbao yenye kishikio kimoja katikati humtii mtu kuliko yenye vishikio viwili, kwa sababu mwenye haraka huvuta kimoja tu.

Wazee wetu waliijua dawa: sabuni ya mche au mshumaa, unapaka kingo za chini na za ubavuni. Nta inapunguza msuguano, na mpaka unasogea mbali. Makasha ya Zanzibar, yale yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, mara nyingi yana droo ndogo tatu chini badala ya moja inayochukua upana wote. Kwa droo inayoteleza mbao juu ya mbao, umbo hilo ni la busara sana.

Reli ya chuma yenye gololi inafika kule kule kwa njia nyingine. Gololi haziburuzwi, zinabingirika, na msuguano wa kubingirika ni mdogo mno kuulinganisha na wa kuburuza. Ule mpaka unatoka nje kabisa ya upana wa droo za kawaida, na unaweza kuvuta kona kwa kidole. Lakini reli nayo ina masharti yake, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika.

Sharti la kwanza ni nafasi ya ubavuni. Reli ya kawaida ya gololi ina unene wa milimita 12.7, yaani nusu inchi. Ziko mbili, kushoto na kulia, kwa hiyo boksi la droo liwe jembamba kuliko uwazi wa kabati kwa milimita 25.4, na mafundi wengi huacha 26. Chukua kabati la jikoni la sentimita 60 lenye mbao za milimita 18 kila upande. Uwazi wa ndani ni milimita 564, na boksi kwa nje liwe 538. Namba hiyo ihesabu upana wote wa boksi likiwa limeshaunganishwa, kwa sababu gundi na skrubu huweza kuongeza milimita moja bila kukuaga.

Ukiniuliza bora ukosee upande gani, nitakujibu bila kusita: bora boksi liwe jembamba. Likiwa jembamba kwa milimita mbili, unachomeka kipande cha kadi ngumu au fomaika nyuma ya reli, na kazi inaendelea. Likiwa pana kwa milimita mbili, gololi zinabanwa, droo inakuwa nzito, na huna la kufanya ila kulipiga randa au kulifumua. Niliwahi kukata maboksi sita ya kabati la nguo kabla sijanunua reli, nikiamini ninakumbuka unene wake. Nilifumua yote sita. Tangu siku hiyo msumeno wangu hauwashwi mpaka reli ziwe mezani na nimezipima kwa mkono wangu.

Masika yataharibu kipimo hicho? Hili huulizwa sana na wateja wa Pwani, na jibu linafurahisha. Mbao huvimba kukata nyuzi zake, lakini kufuata nyuzi haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Upana wa droo unatokana na ubao wa mbele na wa nyuma wa boksi, ambao nyuzi zake zinalala toka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo unyevu ukija, upana unabaki karibu vile vile. Kinachoongezeka ni kimo cha ubavu. Ndiyo maana droo ya zamani ya mninga hukwama juu na chini wakati wa mvua, na ndiyo maana hata droo yenye reli inahitaji milimita chache za hewa juu yake.

Sasa urefu. Reli huuzwa kwa hatua za inchi mbili au milimita 50: inchi 10, 12, 14, hadi 20 na zaidi. Inchi 18 ndiyo ile inayoandikwa milimita 450, na inchi 20 ni 500. Kinachopimwa ni kina cha ndani ya kabati, toka ukingo wa mbele hadi ubao wa mgongo, wala si kina cha nje. Kama uso wa droo unakaa ndani, sawa na ukingo wa kabati, toa pia unene wake. Kina cha ndani kikiwa 510 na uso una 18, zimebaki 492. Reli ya 500 haiingii, basi chukua ya 450. Chagua ndefu kuliko zote zinazoingia. Reli fupi inakuachia kisima nyuma ya boksi, ambacho umekilipia mbao na hutakitumia kamwe.

Kwenye uzito watu hudanganyika na maandishi ya pakiti ya reli. Reli ikiandikwa kilo 45, ni za jozi nzima, si za kila upande, na ndani yake umo uzito wa boksi la droo lenyewe. Mfuko wa unga wa kilo 25 pamoja na mchele wa kilo 10 na mbao zake, umeshaukaribia mpaka. Zaidi ya hapo, droo ikivutwa yote nje inakuwa kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya tawi: gololi zilizobaki ndani ya vipande vya reli zinabeba nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe, kwa sababu zinazuia droo isiiname. Kwa nguo na vijiko usijisumbue. Kwa sufuria, sahani na zana za karakana, nunua reli ya daraja la juu zaidi, na skrubu ziingie kwenye mbao yenye kushika. Kwenye ubao wa chembechembe uliobanwa skrubu fupi zitang'oka kabla reli haijachoka.

Zipo pia reli za magurudumu ya plastiki, nyeupe, za bei nafuu. Nyingi zinatoa robo tatu tu ya droo, na vitu vya nyuma unavipapasa. Za kufichwa chini ya boksi ni nzuri kwa macho, ila kila kampuni ina hesabu yake ya upana, hivyo fuata karatasi iliyokuja nazo na usitumie ile 26.

Ukifika kufunga, anza na matundu marefu ya reli, yale yanayoruhusu kusogeza, skrubu moja mbele na moja nyuma. Hakikisha reli mbili ziko kimo kimoja na zinakwenda sambamba toka mbele hadi nyuma. Ingiza droo, itoe, ijaze kidogo, itoe tena. Ikiwa nzito mwishoni mwa kuingia tu, kabati limebana nyuma. Irekebishe hapo hapo, na ikishapita safari nzima kwa kidole kimoja, ndipo ujaze skrubu za matundu ya duara.