Gobole la shambani nalo linahitaji leseni

Huku Tabora, hasa Urambo na Sikonge kwenye tumbaku na mizinga ya nyuki, wengi wanaamini kwamba bunduki ukiwa nayo ndani ya eneo lako ni mali yako kama jembe, na polisi hana la kuuliza mpaka utoke nayo barabarani. Inaeleweka. Gobole limefukuza nyani mahindini tangu enzi za mababu, na nani alikuwa akiuliza karatasi?

Lakini Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitazami mpaka wa shamba, inatazama kumiliki. Bila leseni, kosa lipo hata bunduki ikiwa imelala uvunguni, na gobole lililofuliwa na fundi wa kijijini nalo ni silaha.

Hata hivyo polisi naye ana mipaka. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya makazi. Kwa kawaida askari anayekuja kupekua huwa na hati ya maandishi. Bila hati, ni kwa dharura. Akichukua kitu, anatakiwa kuandika stakabadhi inayotaja alichochukua, na mwenye nyumba na mashahidi waliopo waisaini. Kuiomba si ukaidi.

Sheria hizi zinapatikana mtandaoni. Anza na kifungu cha tafsiri, kinachoeleza silaha ni nini. Kisha fungua leseni iliyomo nyumbani, utazame jina na tarehe. Yenye jina la marehemu babu haikupi wewe ruhusa ya kumiliki.